Jino la Bandia na Josho la Janaba

Siku hizi kuziba jino na kutia la bandia kunapatikana Unguja na Pemba, lakini wapo wazee wetu wanaobaki na mapengo, wakinywa uji tu, kwa khofu kuwa josho la janaba halitasihi. Linasihi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kusukutua ni sunna, kwenye udhu na kwenye josho. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatika pua vitani, akatia ya fedha ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamuamrisha atie ya dhahabu, naye ni mwanamume. Wanavyuoni wakalipima jino kwa hukumu hiyo. Kilichokatazwa ni kuchonga meno mazima kwa urembo. Na jino linalozibika tusikimbilie kuling'oa: pengo huyalaza meno ya jirani, na kulijaza baadaye ni ghali zaidi.