Nyuma ya sura kuna nyumbani

Albamu ikifunguliwa sebuleni, iwe Shinyanga au Geita, watoto huona sura tu: harusi ya shangazi, ubatizo, babu amekaa studio mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hajawahi kuyaona. Mtoto akiuliza kwa babu palikuwaje, wakubwa hunyoosha mkono. Kule, chini ya mlima. Na pengine mlima wenyewe sasa ni shimo la mgodi.

Upungufu huu ni wa zamani. Mwaka 1860 Mskoti mmoja, James Augustus Grant, mzaliwa wa Nairn kwenye pwani ya Uskoti, alifika Zanzibar pamoja na John Hanning Speke, akiwa na kamera. Picha zake za Unguja ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa kisiwani humo. Lakini enzi hizo picha ilitaka vioo, dawa na giza, kazi ya kuchosha kwenye joto. Safari ya bara ilipoanza, Grant aliacha kamera akashika penseli na rangi za maji. Mwaka 1861 msafara ukapita Msalala, ambako watu wa mtemi Myonga waliuvamia kwa kutaka kukwepa hongo ya njia, ukaendelea hadi Uzinza, upande wa Geita. Michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Basi Unguja ina picha zake za 1860. Msalala ina penseli ya mgeni aliyeporwa.

Tangu hapo nchi imebadilika mno. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, likameza fukwe na mashamba, na maji yakajaa tena 2020 na 2024. Mzee wa Nkome anayetaka kuonyesha shamba la mihogo la baba yake huenda akaonyesha maji. Mabadiliko mengine ni ya heri: Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulirudisha miti kwenye ngitili, na kijana anayechunga humo leo haamini akiambiwa palikuwa jangwa. Picha ingemaliza ubishi.

Kwenye maeneo ya migodi jambo hili huuma zaidi. Mthamini wa fidia huja na kamera, humsimamisha mwenye kaya mbele ya nyumba na namba mkononi, kisha picha huenda kwenye faili la ofisi. Mara nyingi hiyo ndiyo picha pekee ya nyumba ile, na familia haina nakala.

Hakuna sababu ya kusubiri mthamini. Simu ipo karibu kila nyumba. Mjukuu amfuate bibi kuzunguka boma: zizi, kisima, mkwaju, makaburi, njia ya kwenda mtoni. Apige pia kwa mbali, mlima uonekane wote. Bibi ataje jina la kila mahali kwa Kisukuma au Kizinza, liandikwe papo hapo, maana majina hufa mapema kuliko miti. Kisha picha zisafishwe studio, kwa kuwa simu huibwa na huanguka chooni. Na bibi akitaka kuwemo asimame kando kidogo, asizibe mkwaju.