Tusikimbilie mbegu ya dume tukamsahau mama

Hapa kwetu Kasongo na Kabambare farasi hafugwi. Inzi wa mbung'o anaeneza ugonjwa wa nagana, na farasi hauwezi. Lakini kuna habari ya farasi inayotufaa sisi wenye ng'ombe na mbuzi, hasa yule anayetamani kupandikiza mbegu za madume wakubwa wa Ulaya.

Mwaka 1938, wataalamu Walton na Hammond wa Cambridge, Uingereza, walitangaza jaribio lao. Walichanganya farasi wa Shire, jitu la kuvuta mikokoteni, na farasi wa Shetland, kafupi kabisa. Walitumia kupandikiza mbegu, maana wanyama hao hawalingani kimo. Watoto wote walikuwa nusu Shire, nusu Shetland. Lakini aliyezaliwa na mama Shire alikuwa na uzito karibu mara tatu ya aliyezaliwa na mama Shetland. Hata walipokua hawakulingana.

Ndiyo kusema, mbegu peke yake haitoshi. Tumbo la mama lina neno lake.

Kwa ng'ombe tuwe na tahadhari zaidi. Mtamba mdogo akibeba mimba ya dume wa aina kubwa, ndama anaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Hapo mfugaji anapoteza mama na mtoto siku moja, na pamoja nao karo ya watoto wake.

Tena mbegu zilizogandishwa hutunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikikauka njiani, mbegu zimekufa. Barabara zetu wakati wa mvua tunazijua.

Mimi naona tuanze na mama. Tuchague jike aliyekwisha kuzaa vizuri, tumlishe, tumpatie dawa ya minyoo na ya nagana. Kama ni dume, tutafute anayestahimili mbung'o, kama N'Dama wa Afrika ya Magharibi, aliyeletwa Kongo tangu wakati wa ukoloni.

Na wewe mfugaji, akija mtu kukuuzia mbegu, muulize kwanza: mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, usiku wa kuzaa, nani atakuja kunisaidia? Asipokuwa na jibu, funga mfuko wako. Wakuu wa ufugaji nao watupatie waganga wa mifugo vijijini kabla ya kutuhubiria mbegu za kigeni.