Kabla ya Kutia Sahihi



Mwalimu mmoja mstaafu alifika katika ofisi ya parokia akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Akatoa moja, akaiweka mezani, akauliza: "Baba Paroko, nitie sahihi hapa?" Kwa idhini yake naisimulia habari hiyo, maana wengi wetu wenye gari, au wenye kutarajia kuwa nalo, twaweza kukutana na karatasi kama ile.

Gari lake dogo lilikuwa limesimama pale Bomang'ombe, njia ya Sanya Juu inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, likisubiri nafasi ya kukata kona. Lori lililosheheni magunia likaligonga kwa nyuma. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Lakini buti lilikunjamana, bampa likakatika, na taa zote mbili za nyuma zikavunjika. Askari wa usalama barabarani alifika, akapima na kuchora. Dereva wa lori akakiri kosa. Wakaagana kwa neno moja: "Bima italipa."

Miezi minane ikapita. Wakala wa Moshi alimwelekeza Arusha. Arusha wakasema jalada liko Dar es Salaam. Dar es Salaam wakajibu kuwa wanangoja taarifa kutoka Moshi. Hatimaye ikaja ile karatasi. Ilitaja fedha zisizofika nusu ya makadirio ya gereji, na chini yake yaliandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba mpokeaji ameridhika na hatadai tena kitu chochote kutokana na ajali ile. Mwalimu aliyasoma mara tatu, asiwe na hakika.

Tuanze na msingi. Bima si hisani, wala si bahati nasibu. Ni watu wengi kuchanga kidogo kidogo ili yule mmoja atakayepatwa asiangamie peke yake. Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Wazee wetu walipounda chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, walikwisha kutambua kwamba mwenye gunia moja la kahawa hana sauti mbele ya mnunuzi, bali wenye magunia mengi pamoja wanayo. Fedha zilizomo katika mfuko wa bima, basi, ni amana. Anayemcheleweshea mtu haki yake anaidhulumu amana hiyo, na anayechota asichostahili anaidhulumu vilevile.

Zamani mwananchi wa Tanzania Bara hakuwa na pa kuchagua. Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilibaki peke yake katika biashara hiyo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hata sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia mlango watu binafsi. Wengi walitumaini kwamba ushindani ungeleta haki. Kwa mnunuzi wa bima umesaidia, kwa kuwa asiyeridhika huhamia kwingine mwaka unapokwisha. Lakini mwalimu wetu hakuinunua bima ile. Aliyeinunua ni mwenye lori. Mwalimu ameikuta kampuni hiyo njiani, kama alivyolikuta lori lenyewe. Kwa kampuni yeye si mteja wa kubembelezwa, ni gharama ya kupunguzwa. Hapo ndipo ushindani unapofika mwisho wake, na hapo ndipo dhamiri na sheria zinapotakiwa kuanza.

Liko pia suala la lugha. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu anatakiwa kusema na mwananchi kwa lugha anayoielewa, ni kwa haki gani karatasi inayomvua mwananchi madai yake yote iandikwe kwa lugha inayomtia mashaka? Ridhaa ya mtu asiyeelewa si ridhaa. Twaziomba kampuni zote za bima zitafakari jambo hili kwa moyo mweupe.

Hata hivyo, ndugu msomaji, haki haina upande mmoja. Nilipomwuliza mwalimu kwa nini fedha zilipunguzwa kiasi kile, aliinamisha kichwa. Makadirio ya gereji yalikuwa na mlango wa mbele pia. Lori liligonga nyuma. Mlango ulibonyea mwaka mmoja kabla, kwa kugongwa na mkokoteni. Fundi ndiye aliyeshauri: "Tuuingize humo humo, Mwalimu, bima ina fedha nyingi." Mtathmini wa hasara alipokuja aliona kutu ndani ya ule mbonyeo. Kutu haisemi uongo. Tangu siku ile hakuamini tena hata taa zilizovunjika kweli. Amri ya saba na ya nane hazina kifungu kinachosamehe kampuni kubwa kuibiwa, na uongo mdogo uliingia ukaula ukweli mkubwa.

Twashauri nini basi?

Kwanza, ijue bima unayoinunua. Ile iitwayo bima ndogo humlinda mtu mwingine utakayemdhuru. Haitalitengeneza gari lako. Bima kubwa hulitengeneza, ila mara nyingi sehemu ya kwanza ya hasara utaibeba mwenyewe. Na useme ukweli juu ya matumizi ya gari. Noah iliyokatiwa bima kama gari la nyumbani, kumbe kila siku yabeba abiria kwa nauli kati ya Bomang'ombe na Sanya Juu, imejinyima ulinzi kabla ya ajali. Vivyo hivyo aliyenunua gari na kuiacha kadi katika jina la mwenyeji wa kwanza hujitafutia ubishi usio wa lazima.

Pili, hakikisha bima ni ya kweli. Siku hizi mwenye simu yenye intaneti aweza kuingiza namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na kuona kama bima yake ni hai.

Tatu, mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha kabla magari hayajaondolewa. Chukua namba za lori na za bima yake. Toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema. Usianze matengenezo kabla gari halijakaguliwa. Kila karatasi unayoipeleka baki na nakala yake, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kwenye simu hayana muhuri.

Nne, usitie sahihi ya kumaliza madai ungali na shaka. Andika barua, uliza kila kilichopunguzwa na sababu yake. Ukinyamaziwa, uko mlango wa TIRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Yuko pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria hiyo hiyo.

Mwalimu hakutia sahihi siku ile. Aliandika barua kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Aya yake ya kwanza ilikiri habari ya mlango na kuufuta katika madai. Ya pili ilidai buti, bampa na taa, kila kimoja kwa bei yake. Nilimwonya kwamba kukiri kwaweza kumponza. Akanijibu: "Baba, nimewasahihishia watoto madaftari miaka thelathini. Siwezi kuacha la kwangu."

Baada ya majuma sita jibu lilikuja. Alilipwa buti, bampa na taa. Kazi ya kupiga rangi walilipa nusu tu, na hiyo bado anaidai. Mlango ungali umebonyea, naye huupitia kila asubuhi akienda Misa.