Bahari Haina Kiingilio, Tatizo Letu ni Aibu

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu baiskeli si kitu cha kushangaa: inabeba mahindi kwenda mashineni, inabeba mgonjwa kwenda zahanati. Nilipofika hapa Mlimani nikajifunza haraka kwamba ukionekana juu ya baiskeli, wewe ni mshamba. Nikaachana nayo. Matokeo yake, hadi namaliza mwaka wa pili nilikuwa nimeiona bahari mara mbili tu, zote nikiwa nimening'inia kwenye daladala.

Jumapili moja nikaazima baiskeli ya mshikaji wangu anayechuuza maji Kariakoo. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Feri, samaki wanapigiwa mnada. Sikuwa na mtu wa kunitembeza wala ramani. Kanuni ilikuwa moja: bahari ibaki mkono wa kulia.

Ukipita Ikulu, simu iache mfukoni. Mbele yake kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, yenye majengo ya hospitali waliyojenga Wajerumani miaka ya 1890. Nilisimama pale muda mrefu. Utawala wa Wajerumani nimeusoma kwenye madesa, nikaujibia mtihani, nikausahau. Ule ukuta sitausahau. Barabara yenyewe iliitwa Ocean Road hadi 2013, ikapewa jina la Barack Obama. Endelea, unafika Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022: kama kilomita moja juu ya maji, upepo unakupiga kifuani. Ukishuka, Coco Beach hii hapa, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Kutoka Feri hata kilomita kumi hazifiki.

Gharama? Muhogo na maji. Hata bumu likichelewa, unaenda.

Sasa hoja yangu. Sisi wa elimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi huelewa zaidi anapoona na kugusa. Halafu tunasubiri basi, bajeti na barua yenye muhuri ndipo tutoke darasani. Mwalimu ambaye hajawahi kuusoma mji kwa miguu yake atamfundishaje mtoto kuusoma mtaa wake? Atamsomea madesa, kama sisi tulivyosomewa.

Najua mtasema barabara ni hatari. Ni kweli. Kwenye safari ileile gari lilinibana hadi nikapanda ukingo, na dereva akanitukana juu. Ndiyo maana nasema tuende alfajiri ya Jumapili, tuende kwa kundi, tuvae kofia ngumu. Na tuseme bila kuona haya kwamba ufukwe huu unastahili njia ya baiskeli toka mwanzo hadi mwisho. Ila nani ataidai njia hiyo kama wasomi wenyewe wanaona aibu kupanda?

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: kila mwaka mnawapokea mwaka wa kwanza kwa muziki mkubwa. Safari hii punguzeni spika mbili, mkodi baiskeli ishirini, muwaache wapishane zamu kila Jumapili. Wengi wao wametoka tulikotoka sisi, na kuendesha wanajua tayari. Wanachohitaji ni kumwona mtu wa mwaka wa tatu akipanda bila kujificha.

Mimi Jumapili nipo Feri, saa kumi na mbili. Njoo na ya kuazima.