Macho ya Mtoto Yakigeuka Manjano

Juma hili tunaweka kando habari za uji wa soya, kwa sababu kutoka vikundi viwili tumeletewa swali moja. Mtoto macho yamekuwa manjano, mkojo wake umekolea kama chai isiyo na maziwa, hataki kula. Nyanya yake anasema apelekwe kwa muganga wa miti. Baba yake anasema tungoje mwisho wa mwezi. Mama afuate nani?

Tunajibu bila kuzunguka: aende kituo cha afya, leo. Manjano ya macho ni alama tu, na alama hiyo inaletwa na magonjwa mengi. Malaria kali inaileta. Damu ya SS inaileta. Homa ya manjano vilevile, na hepatiti, yaani ugonjwa wa ini. Hakuna mama anayeweza kuyatenganisha kwa kumwangalia mtoto usoni, hata yule aliyelea tisa. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kungoja mwisho wa mwezi.

Hepatiti inayowashika watoto wetu sana ni ile ya A. Mdudu wake anatoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine, kwa njia ya maji, chakula au mikono. Akiisha kuingia, anakaa kimya majuma mawili hadi saba. Kisha mtoto anapata homa, anachoka, anatapika, tumbo linauma upande wa kuume chini ya mbavu, na baadaye macho yanageuka. Wengine choo chao kinakuwa cheupe kama udongo wa kupaka nyumba.

Sasa sikilizeni jambo linalotushinda wengi. Kati ya watoto walio chini ya miaka 6, karibu mmoja tu kwa kila 10 ndiye anageuka manjano. Hao wengine wanacheza uani kama kawaida, na choo chao kimejaa mdudu. Hata yule anayegeuka manjano, alianza kuambukiza wenzake juma moja au mawili kabla. Kwa hiyo kumtenga mtoto mwenye macho ya manjano na kumpa kikombe chake peke yake ni vizuri, lakini tunakuwa tumechelewa. Usafi ni wa kila siku, kwa watoto wote, hata wale wanene wenye kucheka. Na ile sauti tunayoisikia kila mahali, kwamba choo cha mtoto mchanga hakina ubaya, tuiache. Kitupwe ndani ya choo, na mama anawe kwa sabuni kabla ya kushika sufuria.

Tuseme pia juu ya beseni. Kwetu, kabla ya kula bukari, beseni moja linazunguka. Baba ananawa, wageni wananawa, na mtoto mdogo ananawa wa mwisho, ndani ya uchafu wa watu saba. Ni desturi ya heshima, hatutaki iondoke. Lakini maji yamiminwe juu ya mikono kutoka kwenye jagi, na sabuni ipite pamoja nayo. Kazi hiyo apewe msichana au mvulana, yeyote aliye karibu.

Maji ya kunywa yachemshwe, yawe ya mto, ya ziwa au ya bomba linalokauka siku tatu na kurudi na matope. Tunajua bei ya makala. Basi mjue kwamba hakuna haja ya kuyaacha motoni nusu saa. Yakitokota kwa nguvu dakika 1 inatosha. Ninyi mnaokaa juu milimani, zaidi ya mita 2000, acheni dakika 3. Yapoe humohumo yakiwa yamefunikwa, kisha yaingie katika bidoni iliyooshwa, yenye mdomo mdogo. Kikombe cha kuchota kinachopita mikono yote kinarudisha kile moto ulichoua. Kikundi kimoja kimeanza kununua bidoni zenye robine kwa pesa za likelemba, moja kila mwezi kwa zamu, na tunaona ni matumizi mazuri kuliko vitambaa vya sikukuu (tusamehewe na wapenda vitambaa).

Dawa ya kumfukuza mdudu huyu haipo. Mwili wenyewe unamshinda, mara nyingi kwa majuma machache, na mtoto akipona hashikwi tena na hepatiti A maisha yake yote. Kazi yetu ni kumpumzisha, kumnywesha maji mara kwa mara, kumlisha kidogo kidogo anachokipenda. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ini lililoumia halitaki mzigo: mizizi na majani ya kunywa, dawa za kumtilia kwa njia ya nyuma, kasiksi ya kumwonjesha, hata parasetamoli ambayo muganga hakuiandika. Nyanya anatafuta kusaidia, tumweleze kwa upole, lakini tusikubali. Shuleni asirudi mpaka juma moja lipite tangu macho yageuke.

Wachache wanaharibika. Mtoto akianza kusinzia mchana kutwa, akisema maneno yasiyoeleweka, akitoka damu puani au kwenye ufizi, akitapika kila anachokunywa, au akishikwa na degedege, ni hospitali, hata usiku.

Wengi wameuliza kama chanjo haitoshi. Sindano za juma la 6, la 10 na la 14 zina kinga ya hepatiti B, ambayo inapita kwa damu na wakati wa kuzaa. Ile ya miezi 9 ni ya homa ya manjano. Hazikosi kazi, mzikamilishe zote. Lakini ya hepatiti A haimo katika chanjo za kawaida za watoto hapa Congo, na kwa sasa kinga yetu ni sabuni na moto.

Na kwa wenye mimba: kuna hepatiti E, inayopita katika maji machafu kama A, na katika miezi 3 ya mwisho inaweza kumwua mama pamoja na mtoto. Mwenye mimba akiona manjano machoni mwake asingoje siku ya konsultasio. Aende leo, na anayekaa naye amsindikize.