Maji ya bia yafuate kimea, si jina la mji

Tangu Rais Jimmy Carter atie saini sheria ya 1978 iliyoruhusu Wamarekani kupika bia nyumbani, wengi wao wamezoea kuiga maji ya miji mashuhuri. Mmoja humwaga jasi mpaka maji yake yafanane na ya Burton upon Trent, Uingereza. Mwingine huyachuja yawe laini kama ya Pilsen. Kwa anayepika bia ya rangi ya kaharabu, mazoea hayo ni upotofu. Bia hiyo ni ya Marekani yenyewe, wala haina mji mmoja ulioipa maji yake. Mambo huamuliwa ndani ya uji wa kimea: vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari vizuri pH ikiwa kati ya 5.2 na 5.6. Bikaboneti huipandisha, kalsiamu huishusha, na kimea cha karameli, kinachoipa bia hii rangi na utamu, kinakuja na tindikali yake. Kisha kuna ladha. Salfeti hukaza uchungu wa hopsi, kloraidi hukoleza utamu wa kimea, na bia hii inavihitaji vyote viwili. Salfeti ya Burton, inayopita miligramu 600 kwa lita, ingeuzima huo utamu.

Watetezi wa miji watasema Burton ilipata sifa kwa maji yake. Ni kweli, lakini ilisifika kwa bia nyeupe na chungu, iliyoafikiana na jasi. Dublin nayo, yenye bikaboneti nyingi, ilisifika kwa bia nyeusi, ambayo nafaka zake za kukaangwa huipoza bikaboneti hiyo. Tena takwimu za mji ni za maji ghafi, na kuyachemsha tu hupunguza bikaboneti. Wengine watauliza mbona wazee walipika bila vipimo. Wao walidumu na bia iliyokubaliana na maji yao. Wa leo huchagua bia kwanza, kwa hiyo hana budi kupima.

Mpikaji na aanze na ripoti ya maji ya bomba lake. Aondoe klorini, maana huipa bia harufu ya dawa. Kidonge kimoja cha metabisalfaiti kinatosha lita 75. Kalsiamu iwe miligramu 50 hadi 100 kwa lita, salfeti na kloraidi zikaribiane, kisha apime pH ya uji uliopoa kabla ya kuongeza chumvi nyingine yoyote.