Hiyo Revolva ya Kizamani Usiilete Huku

Tangu ile video ya revolva ya baruti ianze kuzunguka, inboksi yangu imejaa swali moja: "Buda, hii tunaeza agiza?" Eti Marekani haitaki leseni. Eti si bunduki kamili. Msee mmoja wa Rongo anaitaka ya kupiga nayo picha tu, akae kama wale wa sinema za kauboi. Leo najibu wote mara moja, na sitakuwa mpole.

Nakubali, hiyo kitu inavutia. Nimetazama video zake usiku mzima bando ikaisha. Ni nakala ya Colt za zamani, ile ya 1851 na ile ya 1860, na nyingi zinatengenezwa Italia na kampuni kama Uberti na Pietta. Haina risasi ya kuchomeka. Unamwaga baruti kwa kila tundu la silinda, unaweka goroli ya madini ya risasi iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, unaishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu, unapaka mafuta mazito juu, kisha unavalisha fataki kwa nyuma, moja moja. Chai yako imeshapoa na bado hujapiga hata moja.

Halafu ipigwe sasa. Haitoi ule mlio mkali wa bastola za kisasa. Inatoa "buu!" nzito, na wingu la moshi mweupe linafunika kila kitu hadi mpigaji mwenyewe hajui kama amelenga. Akirudia mara kadhaa, masizi yanafanya silinda iwe ngumu kuzunguka, vipande vya fataki vinaanguka ndani, inakwama. Siku mbaya moto unaruka hadi tundu la jirani na risasi mbili zinatoka pamoja. Jioni lazima uoshe yote kwa maji moto na sabuni, la sivyo inashika kutu. Na unyevu wetu wa ziwa? Nakupea siku mbili.

By the way, moshi huo si mgeni huku. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka kusini likaingia Kisii, likapigana na Waingereza. Askari wengi wa Kijerumani wakati huo bado walibeba bunduki za muundo wa 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, adui anajua umejificha wapi. Askari hao walikuwa Waafrika, wakitumwa kuua Waafrika wenzao kwa vita vya wazungu. Hakuna kauboi hapo, omera.

Sasa hiyo hadithi ya leseni. Ni kweli, sheria ya Marekani ya 1968 inaziweka silaha za kabla ya 1899 na nakala zake za aina hii kando, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Lakini wewe unaishi Awendo, hauishi Texas. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inaita bunduki silaha yoyote yenye mtutu inayoweza kuua kwa kurusha risasi au kitu kingine. Haiulizi kama ni baruti ya babu au ya jana. Bila cheti, umekwisha. Na anayekuambia "itapita posta kama saa ya mkononi" hatakuja kukutoa seli.

"Basi ninunue ya plastiki, inafanana." Hapa ndipo mnanikasirisha kabisa. Karao wa kizuizi kwa barabara ya Isebania saa tatu usiku haoni plastiki. Anaona mtutu. Watu wa stage wakisikia "ana bastola!" hawatangoja uwaonyeshe risiti ya supamaketi. Wataanza na mawe, maswali baadaye, na nyote mnajua hilo vizuri kuniliko.

Na tuko Homa Bay, jamani. Tarehe 30 Aprili 2025 mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi ndani ya gari lake Ngong Road, Nairobi, na watu waliokuja kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa huku. Sasa wewe unataka kurekodi skiti ukiwa umebebwa nyuma ya boda pale Oyugis, bastola kwa kiuno, muziki mzito chini. Mwambie mama anayeuza omena kando ya barabara kwamba hiyo ni kontenti. Mtazame usoni ukimwambia.

Mtu ameniandikia kwamba naua ubunifu wa vijana wa mashambani, kwamba wa Nairobi wanafanya na hakuna anayewashika. Sawa, wa Nairobi pia wanaweza kusoma hii. Picha yako ikishapostiwa haibebi maelezo. Mtu ataikata, ataweka maneno yake, na kesho uko kwa grupu la kijiji kama jambazi anayetafutwa.

Kama ni vita vya kale mnataka, Thimlich Ohinga iko hapa Migori, kuta za mawe makavu zilizojengwa kulinda watu na mifugo, na UNESCO iliziweka kwa orodha yake 2018. Naenda Jumamosi. Nahitaji mtu mmoja mwenye simu ya kamera safi. Nauli yako ujilipie, na ukija na kitu kiunoni unarudi kwa miguu.